Kufaa kwa Chuo Kikuu Kikubwa cha Umma kwa Mwanafunzi wa Lugha: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wa wilaya za Karatu na Ngorongoro waliosoma tahasusi za lugha, hasa ile ya Historia, Kiswahili na Kiingereza ambayo shuleni hujulikana kwa herufi zake HKL, hukabiliwa na uamuzi wa kuchagua chuo. Tangu mwaka 2017, ulipoachwa utaratibu wa kupokea maombi yote kwa pamoja kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwenye chuo akitakacho. Uamuzi huo, kwa hiyo, umekuwa wake zaidi kuliko ulivyokuwa kwa kaka na dada zake. Ushauri anaopewa huwa wa aina mbili. Walimu wake humwambia aende Dar es Salaam au Dodoma, kwa kuwa vyuo vya huko ni vikubwa, ni vya umma, na majina yake yanajulikana. Wazazi na viongozi wa dini, kwa upande wao, mara nyingi humwelekeza kwenye chuo kidogo kilichopo Arusha au Moshi, ambako, kama wasemavyo, mtoto hatapotea.

Mashauri yote mawili yana msingi. Hata hivyo, la kwanza huupima ukubwa wa chuo kwa jina, na la pili huupima kwa hofu. Hakuna linalouliza jambo ambalo kwa mwanafunzi wa lugha ndilo lingepaswa kutangulia: je, lugha alizokuja nazo kijana huyu zitaingia katika masomo yake ya isimu, au zitakaa kimya kwa miaka mitatu? Makala haya yanadai kwamba, kwa mwanafunzi wa aina hii, chuo kikuu kikubwa cha umma ndicho kinachofaa, lakini kwa sharti moja ambalo mara nyingi halitimizwi. Sharti lenyewe linazihusu idara za Kiswahili na za isimu kuliko linavyomhusu mwanafunzi.

Eneo na lugha zake

Wilaya ya Karatu ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 230,000 katika wilaya hiyo, na zaidi ya 174,000 katika wilaya jirani ya Ngorongoro. Kwa idadi ya watu, hizi si wilaya kubwa. Kwa lugha, ni vigumu kupata eneo la kulinganisha nalo. Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, ndicho lugha ya wengi Karatu. Kidatoga na Kimaasai ni lugha za Kiniloti. Kihadza, kinachozungumzwa kandokando ya Ziwa Eyasi na watu wachache sana, kina sauti za kidoko, na wanaisimu wengi siku hizi hukiona kuwa ni lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu, Kiisanzu na Kinyiramba, ambazo ni lugha za Kibantu, husikika pamoja na hizo zilizotajwa. Greenberg (1963) alizigawa lugha za Afrika katika makundi makuu manne, na kwa mgawanyo wake huo makundi yote manne yanaweza kusikika katika gulio moja la Mang'ola. (Watu wa Kondoa nao hudai sifa hiyo hiyo, na hawakukosea.) Kießling, Mous na Nurse (2008) wameonyesha kwamba lugha za ukanda huu wa Bonde la Ufa, ingawa asili zake ni mbalimbali, zimekaa pamoja muda mrefu kiasi cha kuambukizana tabia za kisarufi na za kifonolojia.

Upande wa Ngorongoro, Wasonjo, au Batemi kama wanavyojiita, wanazungumza lugha ya Kibantu iliyozungukwa na Kimaasai. Mwaka 2011 kijiji chao cha Samunge kilitajwa katika vyombo vya habari vya Afrika Mashariki nzima, kwa sababu maelfu ya watu walisafiri kwenda kunywa dawa ya mzee Ambilikile Mwasapile. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Katika habari zote zile, ni mara chache mno ilipoulizwa wenyeji wa Samunge wanazungumza lugha gani. Hali kadhalika, jina la Olduvai, ambalo dunia nzima inalijua kutokana na mabaki ya binadamu wa kale, ni neno la Kimaasai oldupai, mkonge wa porini, lililosikiwa vibaya na mgeni na kuandikwa hivyo alivyolisikia. Kosa hilo la sauti moja limedumu zaidi ya karne.

Kwa hiyo kijana wa eneo hili huweza kufika chuoni akiwa na lugha tatu au nne kabla hajahesabu Kiingereza. Abdulaziz Mkilifi (1972) alieleza hali ya Mtanzania kuwa ni ya lugha tatu zenye majukumu tofauti: lugha ya jamii yake, Kiswahili na Kiingereza. Mchoro huo bado una manufaa, ila kwa Karatu unahitaji kupanuliwa. Mji wa Karatu ni kituo cha watalii waendao kreta na Serengeti, na waongoza watalii wake hujifunza Kihispania, Kifaransa au Kijerumani kwa sababu lugha hizo huwaongezea malipo. Kijana aliyekulia katika mji huo hahitaji mhadhara wa kumweleza kwamba lugha ina thamani. Ameiona thamani hiyo ikihesabiwa kwa dola. Jambo ambalo huenda hajaambiwa na mtu yeyote ni kwamba lugha ya bibi yake nayo ni somo la chuo kikuu.

Kilichomo katika chuo kikubwa

Somo hilo, kwa kina kinachostahili, linapatikana katika vyuo vikubwa vya umma. Hili halina budi kusemwa waziwazi, hata kama wenye vyuo vidogo hawatalipenda. Utafiti wa lugha huhitaji miaka mingi, fedha zisizotarajiwa kurudi, na watu wanaopokezana kazi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa na chimbuko lake katika Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Ikaingizwa katika chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964, ikawa TUKI mwaka 1970, na mwaka 2009 ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI. Katika chuo hicho hicho, Mradi wa Lugha za Tanzania ulianza mwaka 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na chuo chenye walimu wawili wa Kiswahili ambao pia ni washauri wa wanafunzi, wasimamizi wa mabweni na waongozaji wa kwaya.

Mfano wa Kiiraqw unatosha. Whiteley, ambaye wasomaji wa taaluma hii wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya kukua kwa Kiswahili, alichapisha maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958. Sarufi pana ya lugha hiyo ikatolewa na Mous mwaka 1993, na kamusi ikafuata mwaka 2002. Jalada la kamusi hiyo lina majina matatu: Mous, Qorro na Kießling. Mawili ni ya wanaisimu wa Ulaya. La tatu, Martha Qorro, ni la mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye pia, pamoja na Roy-Campbell, aliandika mwaka 1997 kitabu kinachopinga dhana kwamba elimu na Kiingereza ni kitu kimoja. Katika idara ya historia ya chuo hicho hicho, Yusufu Lawi aliandika kwa kina juu ya Wairaqw na mazingira yao. Mwanafunzi anayetoka Karatu na kuingia Mlimani, basi, haingii mahali ambapo kwao hakujulikani. Anaingia mahali ambapo lugha yake ina rafu yake maktabani. Tatizo ni kwamba huenda akamaliza miaka mitatu bila kuifikia rafu hiyo, na bila mtu yeyote kumwambia kwamba ipo.

Darasa la mamia

Yafaa kutazama kwa makini jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea, kwa sababu hakuna anayekusudia litokee.

Katika muhula wa kwanza, mwanafunzi wa isimu hufundishwa fonetiki. Huonyeshwa jedwali la konsonanti za lugha za dunia, na baada ya nazali na vipasuo hufikia vitambaza. Hapo huelezwa kwamba zipo lugha zenye kitambaza cha mkwaruzo, yaani sauti ambayo ulimi huziba katikati ya kinywa na hewa hupita pembeni kwa kukwaruza. Mifano inayotolewa vitabuni kwa kawaida ni lugha ya Wales na Kizulu. Mhadhiri husoma mifano hiyo, hujaribu kuitamka kadiri awezavyo, na kuendelea na sauti inayofuata.

Sauti hiyo ni ya kila siku katika Kiiraqw. Imo pia katika Kihadza, na ukishuka kusini utaikuta katika Kisandawe. Katika maandishi ya Kiiraqw huandikwa sl. Watanzania wengi walizoea kulisikia jina la Wilbrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa Karatu tangu mwaka 1995 hadi 2010, na wengi wao walilitamka kana kwamba linaanza na sauti mbili, s ikifuatiwa na l. Kwa mwenyeji, jina hilo linaanza na konsonanti moja tu, nayo ndiyo hiyo ya kwenye jedwali. Kiiraqw kina vilevile sauti za koromeo, mojawapo ikiandikwa kwa alama ya mkwaju kwa kukosekana herufi ya kuitosha, na kina sauti tl, inayotolewa kwa kufunga koo, ambayo wageni huchukua miezi kuisikia sembuse kuitamka.

Sasa, katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, inawezekana kabisa kwamba wawili au watatu walioketi nyuma wanazo sauti hizo zote tangu utotoni. Mhadhiri hajui. Wanafunzi wenyewe hawasemi, kwani hawajui kwamba kinachoelezwa kwa mifano ya Wales ni kile kile wanachokitamka wakiwa nyumbani; jedwali halina sauti ya kusikika, na jina la kitaalamu la sauti halifanani na sauti. Wakati wa mtihani watakariri kwamba kitambaza cha mkwaruzo hupatikana katika Kizulu, na watapata alama zao. Darasa limepoteza mashahidi wake bora, nao wamepoteza fursa ya kujua kwamba ni mashahidi.

Katika semina ya watu 20 jambo hili lisingetokea kwa urahisi. Mhadhiri angeuliza nani anaweza kutamka sauti hii, na mtu angecheka na kutamka. Hili ndilo sharti lililotajwa mwanzoni. Ukubwa wa chuo huleta jedwali, maktaba, atlasi na kamusi. Udogo wa chumba ndio unaomwezesha mwanafunzi kuvitumia. Chuo kikubwa kisicho na chumba kidogo ndani yake ni ghala lililofungwa.

Ikumbukwe kwamba vyumba hivyo vilikuwapo. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika 20. Hakuna sababu ya kuililia hali hiyo, kwa kuwa ilikuwa elimu ya wachache mno, na kijana wa Eyasi hakuwa miongoni mwao. Upanuzi ulihitajika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule katika kata, shule zikahitaji walimu, na kwa ajili ya walimu hao vikaanzishwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa mwaka 2005, kisha Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, kilichopangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Kwa kuwa Kiswahili hufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini, idara za Kiswahili zilibeba mzigo mkubwa wa upanuzi huo. Nchi ilipata walimu iliowataka. Semina ndizo zilizolipia.

Msamiati wa wanafunzi

Mwanaisimu akitaka kujua taasisi ni ya namna gani, hana haja ya kusoma kalenda yake tu. Asikilize maneno ambayo wakazi wake wamejiundia. Katika vyuo vikuu vya umma mwanafunzi mgeni hujifunza mapema kwamba fedha ya kujikimu itokayo Bodi ya Mikopo ni bumu. Kwamba kufukuzwa masomo kwa kushindwa mitihani ni kudisko, na kurudia mtihani ni kusapu. Kwamba desa ni maandishi ya mwingine ya kusomea au kunakili, na kitenzi chake ni kudesa. Kwamba kugawana kitanda na mwenzako aliyekosa nafasi bwenini ni kubebana. Na kwamba kugoma kuingia madarasani ni kunji. Msamiati huu una ufundi. Kubebana, kwa mfano, kimetumia kauli ya kutendana kwa namna ambayo hakuna kamati ya istilahi ingeifikiria, maana anayebebwa leo ndiye atakayebeba kesho. Mabweni yamepunguza adha hiyo, hasa hosteli za Mlimani zilizofunguliwa mwaka 2017 zenye nafasi 3,840, lakini neno lingalipo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba karibu maneno yote hayo hutaja shida na namna ya kuikabili, isipokuwa bumu, ambalo nalo husikika zaidi linapochelewa. Hakuna neno la wanafunzi la kutaja mazungumzo na mhadhiri ofisini mwake. Hakuna neno la kutaja swali zuri lililoulizwa darasani. Pengo katika msamiati si ushahidi wa mwisho wa jambo lolote, na mwanaisimu mwangalifu hataujengea nyumba; hata hivyo kitu kisichotokea mara nyingi hakiombi jina.

Kuhusu lugha ya kufundishia, yameandikwa mengi na hapa yatapitwa haraka. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike katika sekondari na kuendelea, na serikali haikutekeleza. Criper na Dodd (1984) walionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitoa nafasi kwa Kiswahili katika ngazi zote, na mihadhara ya vyuo vikuu ikaendelea kwa Kiingereza. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba idara ya Kiswahili ndiyo mahali ambapo mwanafunzi wa Karatu anaweza kujadili nadharia kwa lugha anayoimudu. Kwake Kiswahili nacho ni lugha ya pili, jambo ambalo walimu wenye asili ya pwani husahau. Lakini ni lugha ya pili aliyojifunza akiwa mtoto, aliyochezea na kugombania. Kiingereza alikikuta ubaoni. Kwa hiyo idara hiyo ingeweza kuwa kile chumba kidogo hata pale ambapo idadi ni kubwa, kwa kuwa kikwazo cha lugha kimeondolewa. Ikiwa hata hapo mwanafunzi anakaa kimya, basi kikwazo kilichobaki ni ukubwa wenyewe, na idara haiwezi kukisingizia Kiingereza.

Vyuo vilivyo karibu

Si haki kuvitaja vyuo vya jirani kwa kuvidharau. Arusha kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira cha Walutheri na Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge. Kutoka Karatu mpaka Arusha ni kiasi cha kilomita 140 za lami. Mzazi anaweza kufika kwa siku moja na kurudi. Mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina, na mwanafunzi akikosa vipindi wiki nzima kuna atakayeuliza. Kwa kijana anayetaka kuwa mwalimu mzuri wa Kiswahili katika shule ya kata, au ambaye familia yake inamhitaji karibu, chuo cha namna hiyo kinaweza kuwa uamuzi wa busara kabisa. Aidha, mwalimu aliyekwisha ajiriwa Karatu ana njia nyingine katika Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hicho ni chuo cha umma na ni kikubwa, ingawa hakina ukumbi wa mamia.

Dodoma nayo si mbali kama ilivyokuwa. Tangu barabara ya Babati hadi Dodoma ilipozinduliwa ikiwa ya lami yote mwaka 2018, safari ya kutoka Karatu ni ya kiasi cha kilomita 400, wakati ya Dar es Salaam ni ya zaidi ya 700. Nauli na muda si mambo madogo kwa familia ya mfugaji. Na kwa baadhi ya familia za Ngorongoro hata neno nyumbani limebadilika, kwani tangu mwaka 2022 wapo waliohamia Msomera, wilayani Handeni. Kijana wa familia hiyo hawezi kupima umbali wa chuo kwa ramani ya baba yake.

Hata hivyo, umbali unaopimwa kwa kilomita haulingani na ule unaopimwa kwa somo. Shahada ya ualimu katika chuo kidogo, kwa kawaida, huipa isimu nafasi ile inayomtosha mwalimu wa darasa: sauti za Kiswahili, mofolojia ya kitenzi, sentensi. Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza havimo, wala hatarajiwi mtu wa kuvifundisha. Kijana mwenye sikio la isimu akienda huko atahudumiwa vizuri kama mtu, lakini kile alichokuwa nacho yeye peke yake hakitatumika.

Pingamizi

Zipo pingamizi mbili za kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kuwauliza wanafunzi lugha zao za nyumbani ni kuamsha ukabila. Hofu hii ina historia: sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na Watanzania wengi wamelelewa wakijua kwamba swali hilo si la adabu mbele za watu. Lakini lugha si kabila. Mtoto wa mfanyabiashara wa Kichaga aliyezaliwa mjini Karatu anaweza kuzungumza Kiiraqw cha sokoni vizuri kuliko Mwiraqw aliyesomeshwa shule ya bweni tangu darasa la kwanza. Mnyiramba wa Mang'ola anajua Kidatoga cha kununulia mbuzi. Swali linalofaa ni ‘unaweza kuzungumza nini', si ‘wewe ni nani', na likiulizwa hivyo hata mwanafunzi wa Ilala atakuwa na la kujibu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo mara chache hutajwa. Huenda mwanafunzi huyo anautaka ukimya wake. Ngorongoro na Eyasi ni mahali ambapo watu hutazamwa kila siku. Mmaasai wa ukingo wa kreta amepigwa picha na watu asiowajua tangu akiwa mtoto. Mhadza amepokea watalii wa kuangalia anavyowinda, na baada yao watafiti wa kupima anachokula. Kijana wa jamii hizo akifika katika chuo cha maelfu, kwa mara ya kwanza hakuna anayemtazama. Anavaa kama wenzake, anakula ugali kantini, anakuwa mwanafunzi tu. Huo ni uhuru wa kweli, na chuo kidogo hakiwezi kuutoa. Mhadhiri anayemsimamisha mbele ya darasa atamke vidoko anaurudisha utalii ukumbini.

Jibu la pingamizi hii haliwezi kuwa kwamba taaluma inahitaji data. Mwanafunzi hana deni kwa taaluma, wala hana wajibu wa kuokoa lugha kwa sababu tu alizaliwa nayo. Anachostahili ni kujua kwamba alicho nacho kinasomwa, kina istilahi, kina vitabu, na kwamba akitaka anaweza kukifanyia kazi akiwa mchambuzi. Tofauti ya kuwa mchambuzi na kuwa kielelezo ni kubwa. Kielelezo hutamka neno na kukaa. Mchambuzi hupewa jedwali na kuulizwa kama ni sahihi. Katika historia ya isimu ya Bonde la Ufa wenyeji wengi wametajwa katika kurasa za shukrani, na wachache wametajwa kwenye jalada. Akisha kuelezwa hayo, kijana akichagua kuandika tasnifu yake juu ya mashairi ya Shaaban Robert, amechagua, na hakuna wa kumlaumu.

Yanayowezekana

Kurudisha semina kwa wanafunzi wote kunahitaji walimu, na walimu huajiriwa kwa kibali cha serikali. Idara haiwezi kujiamulia. Lakini si kila kitu kinangoja kibali. Idara inaweza kumpa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza karatasi moja yenye maswali matatu: unazungumza lugha gani, umejifunzia wapi, na je, ungependa kuitumia katika mazoezi yako. Swali la tatu ndilo linalomlinda asiyetaka. Kwa majibu hayo, zoezi la kwanza la fonetiki linaweza kuwa la kueleza sauti tano za lugha ambayo mwanafunzi ameichagua mwenyewe, badala ya kunakili jedwali. Zoezi la namna hiyo, kwa bahati njema, halina desa. Wale wachache wenye lugha za ukanda mmoja wanaweza kukutanishwa na mwanafunzi wa uzamivu mmoja, saa moja kwa wiki, kwa Kiswahili. Wanafunzi wa uzamivu wanahitaji uzoefu wa kufundisha, na vyumba vya saa kumi jioni havikosekani. Likizo ndefu, ambayo kijana wa Endulen au Mang'ola huitumia kuchunga au kuvuna vitunguu, inaweza kuwa pia wakati wa kukusanya maneno kumi kwa wazee, na kazi hiyo ikahesabiwa alama.

Walimu wa sekondari za Karatu nao wanahitaji kupelekewa habari hizi kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Kwa sasa, anachoweza kumwambia mwanafunzi wake kuhusu chuo kikubwa ni kwamba kina jina. Angeweza kumwambia kwamba kipo kitabu cha sarufi ya lugha inayozungumzwa pale nje ya dirisha la darasa, kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba istilahi za Kiswahili za kuielezea sarufi hiyo kwa ukamilifu bado zinahitaji mtu wa kuzikamilisha.

Hiyo karatasi ya maswali matatu itolewe wiki ya kwanza ya muhula. Wakati huo mwanafunzi bado hajajifunza maana ya kudisko na kusapu, na mhadhiri bado hajaanza kusahihisha.